Orodha ya Mafundi wa Mtaa Wetu



Juma hili nimeketi na vijana wetu kupanga tovuti ya mafundi na wafanyabiashara wa mtaa. Wao walitaka majina yafuate alfabeti. Nikawauliza: aliyepasukiwa na bomba usiku, je, analijua jina la fundi? Basi tumetanguliza aina ya kazi, kisha eneo, na jina mwisho. Na kando ya kila jina, tarehe tuliyomhakiki mwenyewe.

Orodha ya kwanza ya wenye simu, iliyotolewa New Haven, Marekani, mwezi Februari 1878, ilikuwa karatasi moja yenye wateja 50 pasipo namba. Mpigaji alimtajia mhudumu jina, naye akamwunganisha. Mimi, katika orodha ya majaribio niliyoibandika ubaoni, niliandika namba ya mama mmoja mshonaji bila kumwuliza. Wanaume asiowajua wakamsumbua usiku kucha. (Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa hapa Tanzania mwaka 2022, nakiri sikuwa nimeisoma.) Nilikwenda kumwomba radhi.

Amekubali jina lake lirudi, ila namba iwe ya dukani kwa kaka yake.