Mkate wa Wachimba Fedha

Katika nchi ya Meksiko, kaskazini ya mji mkuu wake, uko mji mdogo wa milimani uitwao Real del Monte. Umeinuka karibu futi 9,000 juu ya bahari, nao una ukungu na baridi hata mchana. Mimi, mtu wa pwani, nilivaa makoti mawili siku nilipouzuru, na bado nikatetemeka. Zamani mji huu ulitajika kwa madini ya fedha yaliyochimbwa chini yake. Leo hutajika kwa chakula kimoja kiitwacho paste, nacho hutamkwa pa-ste.

Nilipelekwa huko na mwalimu mwenzangu wa Meksiko, aliyekuwa pia mkalimani wangu. Tulishuka garini katika njia nyembamba za mawe, na harufu ya mkate wa moto ikatulaki kabla hatujaona duka. Paste, wanafunzi wangu, ni jamaa ya sambusa, ila si ndugu wa tumbo moja. Haikaangwi bali huokwa, na umbo lake si pembe tatu bali nusu duara, kubwa kama kiganja cha mtu mzima. Mama mmoja mwenye duka alituruhusu kutazama kazi yake. Alisukuma donge la unga wa ngano hata likawa duara jembamba. Akaweka juu yake nyama ya ng'ombe, vitunguu, pilipili mbichi, na viazi vilivyokatwa vidogo vidogo. (Sisi huviita viazi vya Ulaya, lakini asili yake ni Amerika ya Kusini; huko Ulaya navyo vilikuwa wageni.) Vyote vilikuwa vibichi. Nilipouliza kwa nini hakupika kwanza, akasema hiyo ndiyo paste ya asili: nyama na viazi huiva humo humo ndani ya unga, katika maji yake yenyewe. Kisha akakunja, akasokota ukingo kwa vidole, upesi upesi, mfano wa mtu asukaye ukili.

Mapishi hayo yalitoka mbali. Mwaka 1824 iliundwa kampuni huko London ili kuifufua migodi ya Real del Monte, iliyokuwa imejaa maji na kuharibika. Mashine za mvuke za kuvuta maji zilihitaji mafundi, nao wakapatikana Cornwall, pembe ya kusini-magharibi ya Uingereza, ambako watu wamechimba bati na shaba tangu kale. Mwaka 1825 wakashuka pwani ya Veracruz. Loo! Pwani ile ilikuwa na homa ya manjano, na wengi wakafa kabla ya kuona hata jiwe moja la fedha. Waliosalia, pamoja na vibarua wa Meksiko, walikokota vyuma vile vizito kupanda milima, na mwaka 1826 ndipo vikafika.

Husimuliwa kwamba mchimbaji alishika paste kwa ule ukingo mnene, akala sehemu nyingine, kisha akautupa ukingo kwa sababu ya uchafu wa mikono yake. Mimi nina shaka kidogo. Mtu aliyefanya kazi tangu alfajiri hatupi mkate kwa wepesi. Lakini kwamba chakula hiki kiliifaa kazi ile ni dhahiri: hakitaki sahani wala kijiko, na unga wake huhifadhi joto.

Tuliingia katika mgodi wa Acosta, ambao sasa ni makumbusho, tukavikwa kofia ngumu. Giza la mle si giza la usiku, halina nyota. Humo mwenzangu alinieleza habari za mwaka 1766, kabla ya Waingereza kuja. Desturi ilikuwa kwamba mchimbaji akiisha kutimiza kiasi alichoagizwa, mawe ya ziada hugawana na tajiri. Mwenye migodi, Pedro Romero de Terreros, akaipunguza sehemu ile, na ujira wa vibarua pia. Wachimbaji wakaandika malalamiko yao. Walipoona hawasikilizwi wakaacha kazi, hata damu ikamwagika. Serikali ikamtuma mwanasheria, Francisco Xavier de Gamboa, naye akairudisha desturi ile. Nilisimama mle nikiwaza jinsi watu wasio na silaha ila nyundo zao walivyothubutu.

Kampuni ya London ilipata hasara kubwa, na mwaka 1849 migodi ikauzwa kwa Wameksiko. Waingereza wengine walibaki, nao wamelala katika makaburi yao kilimani, chini ya miti mirefu. Chakula chao kilibaki pia, kikatiwa maharagwe, hata nanasi.

Nilimwuliza yule mama, "Je, mama, chakula hiki ni cha Waingereza au ni chenu?"

Akacheka, akasema, "Mwalimu, bibi yangu aliwauzia wachimbaji, na mama yangu vilevile. Baba zetu ndio waliokila gizani. Sasa nikuulize wewe, ni cha nani?"

Siku hizi wanunuzi wake ni wageni, kwa maana wachimbaji waliomlisha bibi yake hawapo tena. Tangu mwaka 2009 hufanywa sikukuu ya paste mjini hapo, mwezi wa Oktoba. Siku hizo, alisema, tanuri lake halipoi, na wanawe wanaofanya kazi Pachuca hupanda mlima kuja kumsaidia kusokota.