Safari ya Mto Thames

Wahenga husema kutembea kwingi ni kuona mengi. Nasi twaongeza: aonaye asiulize, ameona nusu.

Tulipata kupanda chombo cha watalii jijini London, kuanzia Westminster, penye Bunge la Uingereza, tukateremka na Mto Thames kuelekea Greenwich. Kiongozi wa safari alituhesabia kwa kipaza sauti fahari za ukingoni: ngome iliyoanzishwa na Mfalme William wa Kwanza katika karne ya 11, kisha Tower Bridge, daraja lililofunguliwa mwaka 1894, ambalo hugawanyika katikati na kuinuka ili merikebu zipite. Wenyeji wanaijua historia yao, na kuisimulia wanajua. Hilo ni la kuigwa.

Lakini mara baada ya daraja hilo, upande wa kaskazini, ipo gati ya St Katharine, na ndani yake jengo la karne ya 19 liitwalo Ivory House, yaani Nyumba ya Pembe. Hapo kiongozi alinyamaza. Mioyo yetu haikunyamaza. Miongoni mwa pembe za ndovu zilizofika London karne ile zimo zilizobebwa mabegani mwa wapagazi kutoka bara hadi Bagamoyo, zikavushwa Unguja, ndipo zikapakiwa merikebuni. Jasho la babu zetu limo katika utajiri wa mto ule, ila halina msimulizi.

Enyi walimu na wanafunzi, msimulizi huyo atatoka wapi kama si kwetu? Asiyeisimulia historia yake husimuliwa na wengine, nao husimulia wapendavyo.