Mfuko wa Gitaa

Gitaa la umeme linalopigwa katika ibada zetu za Jumapili hapa Musoma ni la bei ya chini. Tangu lilipofika lilikuwa na magonjwa yake. Lilivuma hata kabla halijaguswa, nyuzi zake zilishuka katikati ya wimbo, na ncha za vyuma vya shingoni zilikwaruza vidole vya mpigaji. Kwa hiyo sisi wanakwaya tulianza kuchangishana ili tununue jingine. Tuliuza maandazi, tukauza dagaa, tukalima vibarua, na baada ya mwaka mzima mfuko ulikaribia kutosha.

Ndipo mama wa mwenzetu mmoja, aliyekuwa akiishi Butiama, akapatwa na ugonjwa uliohitaji upasuaji. Familia iliuza ng'ombe wawili, na bado fedha hazikutosha. Katika kikao cha kwaya swali lilikuwa fupi: mfuko wa gitaa ufunguliwe, au usifunguliwe?

Hatukuwa na neno moja. Mzee mmoja wa kanisa, mcha Mungu na mlinzi mwaminifu wa sadaka, alituambia, "Wanangu, fedha hii mmekwisha kumwekea Bwana. Ikitoka leo kwa ajili ya mgonjwa, kesho itatoka kwa ajili ya nini?" Hayakuwa maneno ya choyo. Mfuko unaofunguliwa kwa kila anayebisha hodi haumalizi kazi yoyote, na waliotoa kwa jasho lao wana haki ya kuona walichokitolea.

Lakini mama mmoja wa sauti ya pili akatuomba tufungue Injili ya Marko, sura ya 7. Humo Bwana Yesu anawakemea watu waliotangaza mali zao kuwa Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, kisha wakawanyima baba na mama zao msaada. Walikuwa na kifungu cha sheria mkononi, na mzazi mhitaji mlangoni. Tulisoma, tukanyamaza. Mzee naye alinyamaza. Usiku ule fedha zilikwenda Butiama, na mfukoni zikabaki shilingi elfu sitini.

Kwa elfu sitini hununui gitaa la umeme. Unaweza tu kulitengeneza lile ulilo nalo. Tukalipeleka Bunda kwa fundi redio mmoja ambaye si mshirika wa kanisa letu. Alilifungua, akalitazama kwa muda, akasema, "Jamani, hili halijafa. Halikumaliziwa tu."

Baadaye tulielewa alichomaanisha. Gitaa letu limeigwa kutoka kwa Stratocaster, iliyotoka Marekani mwaka 1954. Leo Fender, aliyeanzisha kampuni iliyoitengeneza, alikuwa fundi redio katika jimbo la California, naye hakujua kupiga gitaa. Alitengeneza chombo cha kufungwa kwa skrubu, shingo huku na mwili huku, ili kikiharibika sehemu moja fundi aibadilishe hiyo peke yake. Katika magitaa ya bei ya chini mashine hukata mbao kwa vipimo vizuri tu. Kinachokosekana ni saa za mkono wa mtu: kupiga tupa, kusugua, kusawazisha. Bei hushuka kwa sababu saa hizo hazikulipwa. Sisi fedha hatukuwa nazo, lakini saa tulikuwa nazo.

Kazi ya kwanza ilikuwa kwenye vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, ambavyo wapigaji huviita freti. Tulipitisha tupa ndogo kwenye kila ncha, kisha msasa laini, mpaka mkono ukateleza toka juu hadi chini bila kukwaruzwa.

Ya pili ilikuwa pale nyuzi zinapoegemea, shingo inapoishia kichwani. Palikuwa na kijipande cha plastiki chenye mifereji iliyokatwa juu mno, kiasi kwamba ukibana freti ya kwanza uzi unavutika na sauti inapanda. Fundi alitutuma buchani tukaombe mfupa wa paja la ng'ombe. Tuliuchemsha ukatoka mafuta, ukaanikwa, ukakatwa kwa msumeno wa chuma, na vijana wawili wakausugua siku tatu hadi ukakaa mahali pake. Mkoa wa Mara haujawahi kungojea kiwanda ili uimbe. Litungu la Wakurya, lenye nyuzi nane, ni mti na ngozi vya hapa hapa.

Ya tatu ilikuwa mvumo. Pikapu, zile sumaku zilizo chini ya nyuzi, zimezungushiwa waya mwembamba wa shaba mara maelfu. Uzi ukitikisika juu yake, umeme kidogo sana huzaliwa na kwenda kwenye amplifaya. Lakini waya huo hunasa pia kelele za umeme wa nyumbani, ambao hapa nchini huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Fundi alitandika ndani ya mwili wa gitaa ile karatasi ya alumini ya kufunikia chakula, akaiunga na waya wa ethi. Alumini haishiki risasi ya kulehemu kwa urahisi, kwa hiyo aliubana waya kwa skrubu ndogo. Mvumo haukuisha wote, ila ulishuka ukawa chini ya sauti ya waimbaji.

Mwisho tulipima. Kutoka ule mfupa hadi darajani ni kama milimita 648, na freti ya 12 husimama katikati, milimita 324. Uzi ukibanwa hapo lazima utoe sauti ileile ya uzi mtupu, ila ya juu zaidi. Palipozidi, tulirudisha kidaraja nyuma kidogo kidogo kwa bisibisi. Pikapu ni zilezile. Hatukuongeza sauti yoyote ndani ya gitaa. Tuliondoa vilivyoizuia.

Yule mama alifanyiwa upasuaji, akarudi nyumbani. Tulikwenda kumsalimu Butiama na gitaa na spika ndogo ya betri, akatuagiza wimbo, akauimba pamoja nasi akiwa amekaa mkekani. Alivuna mahindi ya msimu ule. Alipatana na dada yake ambaye hawakuwa wakisemezana kwa miaka. Mwezi wa saba baada ya upasuaji, Bwana akamwita.

Ndipo maneno yakaanza chini chini: fedha zimekwenda, mama amekwenda, gitaa jipya hakuna. Maneno hayo yalimwumiza mwenzetu kuliko msiba wenyewe, na yanastahili jibu. Wengine wetu walitaka kujibu kwamba Mungu ametulipa, kwa kuwa gitaa sasa linaimba. Hapana. Mfupa ungekaa vizuri vilevile hata kama tungemfungia mama yule mlango. Na kama gitaa lingeharibikia mikononi mwa fundi, bado ingekuwa haki kufungua mfuko. Tukianza kupima huruma kwa kinachorudi, tunafanya biashara na kuiita imani.

Jibu letu ni fupi zaidi. Fedha ile haikuondolewa kwa Bwana. Ilitoka mkono wake mmoja ikaingia mwingine. Katika Marko sura ya 14 kuna mwanamke aliyemmiminia Yesu marhamu ya thamani ya zaidi ya dinari 300, na watu wakauliza mbona upotevu huu. Kila kinachotolewa kwa upendo huulizwa swali hilo, kikienda kichwani pa Bwana au kikienda hospitali.

Changizo limeanza tena, safari hii kwa ajili ya pikapu na amplifaya. Hoja ya mzee hatukuitupa. Yeye ndiye aliyeandika kanuni iliyo ukurasa wa kwanza wa daftari la mfuko, na kwaya yote imeweka sahihi: mfuko huu hautagusika kwa jambo lingine lolote, isipokuwa mtu anaweza kufa.