Pango, magofu na diski iliyokufa

Kimya changu kimekuwa kirefu, wasomaji, niwieni radhi. Niliahidi kwamba makala hii ingehusu hifadhidata, lakini Jumamosi iliyopita nilifanya safari ya siku moja na nimeona niieleze kwanza. Mliozoea kusoma mambo ya kompyuta vumilieni kidogo, maana kompyuta imo.

Mwezi uliopita diski yangu ngumu ilikufa. Kazi za wateja zote zilikuwa na nakala kwenye seva, picha za nyumbani hazikuwa nayo. Kati ya picha hizo mlikuwa na mbili za mdogo wangu, aliyefariki mwaka 1991 akiwa na miaka miwili na nusu. Zile za karatasi ziliharibiwa na mvua paa lilipovuja, na Mama alikuwa akijiliwaza kwamba "ziko kwenye kompyuta ya mwanangu". Mimi huyu, ninayewahubiria watu kila siku kuhusu kuweka nakala! Fundi alinirudishia diski akitikisa kichwa. Basi nikamwalika Mama matembezi, nikitafuta mahali pa kumwambia.

Tulitoka Kilifi saa moja asubuhi, tukapanda hadi Panga ya Saidi, kwenye vilima vya Dzitsoni. Ukienda, chukua tochi na viatu vya kufunga, na uingie kwa adabu, kwani wenyeji hulihesabu pango hilo kuwa mahali patakatifu.

Wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao kutoka Ujerumani walianza kuchimba hapo mwaka 2010. Mwaka 2017, mita tatu hivi chini ya sakafu ya leo, walifukua shimo dogo lenye mifupa iliyooza kiasi kwamba ukiigusa inakuwa vumbi. Hawakuigusa. Walilifunika bonge zima la udongo kwa plasta, likapelekwa Nairobi, kisha Uhispania, ambako lilipigwa picha za eksirei kutoka kila upande na kompyuta ikaunda umbo la kilichokuwa ndani. Alikuwa mtoto wa kati ya miaka miwili na nusu na mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita. Wakampa jina la Mtoto. Matokeo yalitolewa katika jarida la Nature mwaka 2021, na hilo ndilo kaburi la kale zaidi la binadamu wa sasa linalojulikana Afrika.

Nilikuwa nikimweleza Mama habari za programu na eksirei kwa furaha zangu. Akanikatiza.

"Alilazwaje?"

"Ubavu wa kulia, Mama, magoti yamekunjwa kifuani. Wanaona alifungwa kwa kitu kama sanda, na kichwa kiliwekewa mto. Mto ulioza, ndiyo maana kichwa kiliinama."

Akanyamaza. Nikaona sasa hivi au basi. Nikamwambia kuhusu diski.

Hakunigombeza. Akakaa juu ya jiwe, akasema, "Mdogo wako tulimkosha mimi na bibi yako. Maji niliyatia ya moto, nikiogopa asihisi baridi. Bibi yako akanitazama, hakusema neno. Babu yako ndiye aliyeingia kaburini, akamlaza mwanandani kwa ubavu wa kulia. Mimi sikwenda makaburini, lakini aliporudi nilimuuliza kila kitu." Miaka yote hiyo sikuwahi kusikia maneno hayo. Nilikuwa nimehifadhi picha, sikuwa nimeuliza.

Mchana tukafika Gede, karibu na Watamu, mji wa mawe ya matumbawe uliohamwa katika karne ya 17. James Kirkman alianza kuuchimba mwaka 1948, na mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kuna kaburi lililochongwa mwaka wa Hijria 802, yaani 1399. Nyumba nyingine zimepewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake, kama Nyumba ya Mkasi, kwa kuwa majina ya wenyewe yamepotea. Mama alisoma kibao hicho akacheka: "Mtu anajenga nyumba nzima, anakumbukwa kwa mkasi!"

Njiani kurudi nilimwomba anisimulie tena, nami nikawa naandika kwenye simu: rangi ya gauni alilovaa mdogo wangu siku ya kupigwa picha, wimbo aliokuwa akiupenda, neno ambalo hakuweza kulitamka. Faili ni la maandishi matupu, kilobaiti tatu tu. Nakala moja iko kwenye seva, moja kwenye diski mpya, na moja nimeichapisha nikampa Mama. Ameiweka ndani ya Msahafu wake.

Leo jioni, kabla hujalala, angalia picha zako ziko mahali pangapi. Halafu mpigie mama yako, umuulize. Wiki ijayo tutarudi kwenye hifadhidata, Mungu akipenda.