Kishindo Kabla ya Sauti

Kila chombo kilichoundwa kwa mkono wa mtu kina lugha yake. Baiskeli husema kwa mlio wa mnyororo, jiko kwa moshi, na cherehani kwa uzi unaokatika. Mwenye chombo asiyeijua lugha hiyo husikia makelele tu; aijuaye husikia habari. Nataka kukusimulia, msomaji wangu, habari moja niliyopewa na chombo kidogo, jinsi nilivyoifuata mpaka asili yake, na kwa nini naona kuwa ile njia ya kuifuata ina thamani kubwa kuliko chombo chenyewe.

Chombo hicho ni kikuza sauti cha hedifoni, yaani zile spika mbili ndogo zivaliwazo masikioni. Kazi yake ni kupokea sauti hafifu kutoka katika redio au simu, kuitia nguvu, na kuipeleka masikioni. Nilikiunda mwenyewe mezani pangu kwa vipande nilivyonunua katika maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi: ubao mdogo, saketi unganishi moja yenye miguu minane, rezista, kapasita, swichi na waya. Nguvu yake ilitoka katika adapta ya volti 12 iliyonunuliwa ikiwa imefungwa tayari, na sikuifungua. Jambo hili nalitaja kwa makusudi. Umeme wa volti 240 utokao ukutani si kitu cha kujifunzia. Volti 12 humsamehe mwanafunzi. Volti 240 hazisamehe.

Nilikiunda kwa ajili ya baba yangu. Umri umempunguzia usikivu, na kila jioni hupenda kusikiliza habari, kisha taarabu kidogo kabla ya kulala. Redio ikipazwa kwa kiasi cha kumtosha yeye, watoto hawasomi wala hawalali. Kikuza sauti kilileta amani nyumbani, ila kwa jambo moja. Kila kilipowashwa kilipiga kishindo kimoja masikioni, puu, kisha sauti safi ikafuata kana kwamba hapakutokea kitu. Siku ya tatu baba alivua hedifoni akaniuliza, "Mwanangu, mbona chombo chako hubisha hodi kwa teke?" Tulicheka sote. Lakini siku ya nne nilizikuta hedifoni zimetundikwa msumarini, na mzee ameinama karibu na redio, ametega sikio kwa taabu. Kicheko kikaniisha. Usikivu ni mali isiyonunuliwa dukani, na aliyebakiwa na kidogo hana cha kuchezea.

Nilipotaka shauri, niliyapata mawili. Mtu mmoja aliniambia kuwa vyombo vya kuundwa nyumbani hupiga hivyo vyote, basi tuzoee. Mwingine alinishauri ning'oe kapasita zote nitie mpya. La kwanza ni shauri la uvivu, la pili ni la pupa, na yote mawili yana kasoro moja: hayaulizi kishindo kinatoka wapi. Hata kama kapasita mpya zingekinyamazisha, nisingejua ni ipi iliyokuwa na lawama, wala kama kweli palikuwa na lawama yoyote.

Fahamu pia kuwa kishindo cha namna hii chaweza kuwa na maana mbili. Chaweza kuwa ni umeme unaopita kwa sehemu ndogo ya sekunde wakati chombo kinapojitayarisha, ukakoma. Chaweza vilevile kuwa ni mwanzo wa umeme wa mkondo mmoja unaoingia katika hedifoni na kukaa humo, ukiupasha moto waya mwembamba wa ndani mpaka ukaungua. Sikio husikia kishindo kile kile katika hali zote mbili. Kwa hiyo sikio peke yake halitoshi kuwa hakimu.

Nilichukua hedifoni kuukuu ya bei rahisi, nikailaza mezani, mbali na masikio, nikaanza kuuliza maswali. La kwanza: je, kishindo kinatoka katika redio? Nilichomoa waya wa redio, nikawasha; kishindo kikapiga vile vile. Redio haina hatia. La pili: je, kinatoka kabla ya kitufe cha kupandisha na kushusha sauti? Nilikishusha kitufe mpaka mwisho, nikawasha, kishindo hakikupungua. Basi kinazaliwa baada ya kitufe hicho. La tatu: je, ni upande mmoja au pande zote? Kulia na kushoto vilipiga sawasawa. Ni nadra vipande viwili kuharibika siku moja kwa kiasi kimoja, kwa hiyo nilishuku kitu kitumiwacho na pande zote mbili. Tazama jinsi maswali matatu yasiyogharimu hata senti yalivyoikata nyumba nusu, kisha robo, mpaka kikabaki chumba kimoja cha kutafuta.

Swali la nne ndilo lililonipa nuru. Nilizima na kuwasha tena upesi. Kishindo kikawa kidogo. Nilizima, nikangoja dakika nzima, nikawasha; kishindo kikarudi na nguvu zake zote. Hapana shaka palikuwa na kitu ndani ya chombo kilichojaa umeme wakati wa kuwashwa na kupungukiwa polepole baada ya kuzimwa. Kitu chenye tabia hiyo ni kapasita.

Hapo ndipo nilipochukua mita ya mshale. Katika mguu wa kutolea sauti, volti ziliruka kutoka sifuri hadi 6 mara tu nilipowasha, zikakaa hapo. Upande wa pili wa kapasita ya mikrofaradi 470, ule ulioelekea hedifoni, mshale ulishtuka kidogo ukarudi sifuri, ukatulia. Nilishusha pumzi, maana hiyo sifuri ilinihakikishia kuwa hakuna umeme unaobaki katika hedifoni.

Sababu yake ni hii. Chombo kinachotumia volti 12 za upande mmoja hukaa katikati, kwenye volti 6, ili wimbi la sauti lipate nafasi ya kupanda na kushuka. Volti hizo 6 hazipaswi kuzifikia hedifoni, na kapasita ndiye bawabu: huzuia umeme uliotulia na huruhusu ule unaobadilika, ambao ndio sauti. Lakini wakati wa kuwasha bawabu huyu ni mtupu, na umeme wa kumjaza hauna njia nyingine ila kupita ndani ya hedifoni. Kiwambo cha hedifoni husukumwa ghafla, na sikio huambiwa, puu. Hapakuwa na kipande kibovu hata kimoja. Kila kimoja kilitimiza wajibu wake, na kishindo kilitokana na namna zamu zao zilivyopangwa.

Baada ya kuijua sababu, dawa haikuwa ya kubahatisha. Ningeweza kutia kapasita ndogo ya mikrofaradi 47, nayo ingejaa kwa umeme kidogo zaidi. Lakini kwa hedifoni ya omu 32 sauti nzito zilizo chini ya mitetemo kama 100 kwa sekunde zingefifia, na taarabu ingepoteza besi yake. Dawa ya namna hiyo huponya kidole kwa kukata mkono. Nilianza na chanzo. Zile volti 6 zilipatikana kwa rezista mbili za omu 10,000, zikituliwa na kapasita ya mikrofaradi 10, na hizo zilipanda kwa muda wa kadiri ya sehemu 5 za mia za sekunde. Niliitoa kapasita hiyo nikatia ya mikrofaradi 100, bila kugusa kitu kingine. Sasa volti zilipanda polepole mara kumi, na kishindo kikawa kama mtu aketiye juu ya godoro.

Kwa masikio ya kijana hiyo ingetosha. Kwa mzee nilitaka kimya. Niliongeza rezista ya omu 1,000 kila upande, kutoka kwenye kapasita ya kutolea sauti hadi kwenye waya wa ardhi, ili kapasita ijazwe kwa njia hiyo badala ya kupitia hedifoni. Kisha nikatia rilei, ambayo ni swichi ivutwayo na sumaku, pamoja na tranzista ya kuichelewesha kwa sekunde 5. Katika muda huo kapasita hujaa na kutulia, ndipo rilei hufungua mlango kwa sauti. Umeme ukikatwa, rilei huachia na hedifoni hutengwa.

Bado sikumwita baba. Nilirudisha kwanza kila kitu kama kilivyokuwa, nikawasha, na kishindo kikarudi. Nikatia tena dawa, kikatoweka. Ukiweza kuuita ugonjwa kwa kuondoa dawa na kuufukuza kwa kuirejesha, hapo ndipo una haki ya kusema kuwa umeuponya. Jioni ile mzee aliwasha, akangoja, akasikia mlio mdogo wa rilei ndani ya kijisanduku, kisha msomaji wa habari. "Sasa kimejifunza adabu," akasema, akaongeza sauti mwenyewe.

Msomaji wangu, huenda usiunde kikuza sauti maisha yako yote. Lakini utakutana na vishindo: hesabu isiyolingana katika daftari, mche unaonyauka shambani, rafiki anayenuna bila ya sababu ionekanayo. Watakuwapo wa kukuambia uzoee, na wa kukuambia ubadilishe kila kitu. Wahenga walisema kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema tuyafukuze mawingu kwa mawe. Uliza kwanza lini na wapi. Gawa shaka yako nusu kwa nusu. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, upime, uandike ulichokiona. Na usiridhike kwa kuwa makelele yamekoma, maana kimya kisichojulikana sababu yake hakimpi mtu usingizi mzuri kuliko kishindo.