Kuhama Mtandao

Wengi wetu hapa Bumbire tunalipia simu kwanza ndipo tunaongea. Salio likiisha, tunanyamaza. Ndiyo maana anapotokea mmoja wetu aliyetia saini ya kulipa kila mwezi, kisha akataka kutoka kabla ya wakati, hapati wa kumwuliza.

Miaka michache iliyopita alinijia mwalimu kijana, mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani. Alipokuwa akifundisha bara alichukua simu kwa malipo ya miezi 12, pamoja na kifurushi cha kila mwezi, kutoka kampuni ambayo sitaitaja. Mwezi wa nne akahamishiwa kisiwani. Kwenye nyumba aliyopewa, mtandao wa kampuni ile haukufika. Ilimbidi apande mlima kutafuta mawasiliano. Mkewe alibaki bara, mjamzito wa miezi minane. Kati yetu na bara kuna ziwa, na likichafuka mitumbwi haitoki. Habari ikichelewa usiku mmoja, huenda ikafika ikiwa msiba.

Dukani walimjibu kwa mkato: alipe miezi yote iliyobaki, na namba yake aiache.

"Shikamoo, Mwalimu. Wamenifunga," aliniambia.

"Marahaba. Lete karatasi tuisome."

Tuliisoma mara mbili, kama tulivyokuwa tukisoma ufahamu darasani. Tukakuta kwamba mambo mawili yamefungwa katika furushi moja. La kwanza ni bei ya simu iliyobaki. Hilo ni deni, maana simu anayo mkononi. La pili ni kifurushi cha miezi ijayo, yaani huduma ambayo hajaipata, na ambayo pale alipo haiwezi kumfikia. Kuhusu namba, karatasi haikusema neno.

Mchanganyiko huu si wetu peke yetu. Huko Marekani, kwa miaka mingi kampuni ziliwauzia watu simu kwa bei ndogo, zikawafunga kwa miaka miwili ili zirudishe fedha zao polepole. Aliyetoka mapema alitozwa faini. Sehemu ya faini ile ilikuwa bei ya simu iliyofichwa ndani ya malipo ya mwezi.

Na sheria yetu haikunyamaza. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 74, inasema kwamba mkataba ukitaja kiasi cha kulipwa pale unapovunjwa, anayedai hupewa fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho. Msomaji aone vizuri: kiasi kilichoandikwa ni ukomo wa fidia, na fidia yenyewe lazima iwe ya haki.

Namba nayo ina habari yake. Tangu tarehe 1 Machi 2017, chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, mtu anaweza kuhama mtandao na namba ile ile. Haendi kuomba ruhusa kwa kampuni anayoiacha. Anakwenda kwa ile anayohamia, na kitambulisho chake. Lakini deni halihami wala halifutiki. Salio la muda wa maongezi nalo halimfuati, na fedha zilizo kwenye simu ni heri azitoe kwanza.

Nilipokuwa mwalimu mkuu niliandika barua nyingi za uhamisho. Mtoto akihama shule, alirudisha vitabu, nasi tukampa barua. Jina lake aliondoka nalo. Hatukumwambia kwamba jina ni la shule kwa sababu limo katika rejesta yetu, wala hatukumwachia kitabu chetu kwa sababu anahama.

Basi kijana akaandika barua ya ukurasa mmoja, akabaki na nakala. Alieleza tarehe ya uhamisho wake na mahali ambapo mtandao haufiki, akaahidi kulipa bei yote ya simu iliyobaki, akaomba athibitishiwe kwa maandishi kwamba hadaiwi. Safari ya kwanza walimzungusha. Safari ya pili alilipa, akapewa barua yenye mhuri. Miezi ya kifurushi haikutajwa tena. Wiki hiyo hiyo akahama na namba yake. Mtoto wao alizaliwa usiku wa upepo mkali, na baba alipata habari kabla hakujapambazuka.

Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Ni kweli, lakini hawakusema ukeshe majini. Anayetaka kutoka katika mapatano atenganishe kilicho chake na anachodaiwa. Anachodaiwa akilipe chote, kilicho chake asikiache, na asiondoke bila karatasi. Naye anayekaribia kutia saini aulize swali moja akiwa bado na kalamu mkononi: nikitaka kutoka, nitatokaje?