Jirani wa Njiani

Ibn Battuta alipoondoka kwao Tanja mwaka 1325, akikusudia kuhiji, alikuwa kijana wa miaka 21, peke yake, hana rafiki wala mwenzi. Msafara aliojiunga nao njiani ulipofika Tunis, watu wa mji walitoka kuwalaki wasafiri. Huyu akamkumbatia nduguye, yule akamwamkia sahibu yake. Yeye hakusalimiwa na yeyote, kwani hapakuwa na amjuaye. Akalia. Mmoja katika mahujaji akaifahamu sababu ya machozi yale, akamwendea, akamsalimu na kumliwaza, wala hakuachana naye hadi walipoingia mjini.

Sisi wa pwani humkumbuka Ibn Battuta zaidi kwa ule usiku mmoja aliolala Mombasa mwaka 1331, na kwa sifa alizotuachia: misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na visima vya kuoshea miguu milangoni mwake. Ni sifa njema, na tuna haki ya kujivunia. Lakini mimi humpenda zaidi yule haji wa Tunis. Aya ya 36 ya Surat An-Nisaa, katika kuwataja wanaostahiki wema wetu, baada ya wazazi, jamaa, mayatima, maskini na majirani, humtaja pia mwenza aliye ubavuni. Na wapo wafasiri waliosema kuwa huyo ni mwenzi wa safari.

Mwenye kutaka kuijua maana ya ubavuni na apande basi la Lamu. Toka Mombasa hadi Kilifi, na Kilifi hadi Malindi, kila mtu husema na aliyekuja naye tu. Gongoni ikishapita na mashamba yake ya chumvi, vifungua kinywa hutolewa mifukoni: mahamri haya, mbaazi hizi, karibu mama, karibu bibi. Kisha huja Garsen na nchi tambarare ya Mto Tana, ng'ombe wa Waorma wakivuka barabara bila haraka, na dereva akingoja kwa adabu. Huja pia vizuizi vya polisi. Abiria hushuka, hupanga foleni, vitambulisho mkononi, kisha hupanda tena. Ukishashuka mara tatu na mtu, akakushikia mtoto nawe ukamshikia mfuko, kumwita mgeni huwa ni kumkosea.

Mwaka jana nilikwenda kumtazama wifi yangu aliyejifungua. Aliyekaa dirishani, kando yangu, alikuwa mama wa makamo ya mama yangu mzazi, buibui lake safi, na mfuko ameupakata asikubali kuuweka juu.

"Wenda kwa nani Amu, mwanangu?" aliniuliza.

Nilimweleza. Nilipomuuliza yeye, alitazama nje, na jibu lake lilikuja tulipokwisha kuipita Garsen. Alikuwa akienda kwa nduguye wa tumbo moja. Hawakusemezana kwa miaka 13, na sasa alipata habari kwamba ndugu yule ni mgonjwa. Chanzo cha ugomvi alinisimulia chote hadi tukakaribia Witu. Nacho ni amana, hakitaandikwa hapa.

Kisha akafungua mfuko. Ndani mlikuwa na doti ya leso mpya, nyekundu, haijakatwa, aliyoinunua Barabara ya Biashara. Macho yake yana ukungu, akasema. Muuzaji alimsomea jina lake, ila muuzaji husoma auze. Akanitaka nimsomee mimi.

Nimekuja mwenyewe sikuitwa na mtu.

Alinisomesha tena, na tena. Wanawake wenzangu hamhitaji kuelezwa uzito wa jambo hili, maana leso hunena, na mara nyingine husema lisilokusudiwa na mletaji. Maneno yale ni ya mtu aliyekishinda kiburi chake akaja kwa mapenzi. Hayo hayo ni ya mtu anayelaumu: mwaugua, wala hamkuniita.

"Wewe hutujui," akaniambia. "Angekuletea nduguyo, ungeisomaje?"

Mabinti zake Mombasa hakuwauliza, kwa sababu kila mmoja ana upande wake katika ugomvi ule na angemjibu kwa upande huo. Ndipo nikafahamu kwa nini swali lilingoja siku nzima likaja kwangu, nisiyejua hata jina lake. Nikamuuliza leso itafikaje. Akasema nia yake ni kushukia kwa jirani, ampeleke mtoto nayo, kisha asikilizie jawabu.

Nilikaa kimya kitambo. Neno lolote ambalo ningesema lingeingia katika nyumba nisiyoijua.

"Bibi," nikasema, "ikiletwa na mtoto, ningesoma lawama. Ukinipa wewe kwa mkono wako, ningesoma ulivyokusudia."

Hakunijibu. Aliikunja leso, akaifunga mfuko, na mpaka Mokowe hatukusema zaidi ya habari za joto na vumbi. Jetini alinishika mkono kuteremka ngazi, na ndani ya boti tulikaa pamoja, mikoko ikirudi nyuma yetu, mnara wa kwanza wa msikiti ukitokeza ng'ambo. Alikuwa akisoma kitu kwa sauti ya ndani, midomo ikicheza.

Lamu jeti ilijaa watu, wapokeaji na wachukuzi, punda na mikokoteni. Kijana mmoja akamkimbilia, "Bibi, nikuchukulie?" Akampa mfuko, kisha akamrudisha, akatoa leso ndani yake na kuibana kwapani.

"Kwa nani, bibi?"

"Kwa ndugu yangu. Langoni."

Wakashika kichochoro, kijana mbele, yeye nyuma akienda pole pole na ule wekundu ukionekana ubavuni mwa buibui. Kaka yangu alikuwa ameshafika kunipokea. Akauchukua mzigo wangu, akafuata nilikokuwa nikitazama, akauliza yule ni nani.

"Tulikaa kiti kimoja," nikamjibu.